Kuchagua Tairi Jipya la Pikipiki ya Barabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waendeshaji wa Mtwara na Lindi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye pikipiki ya barabarani ya cc 100 hadi cc 150, anayeishi popote kati ya Kilwa Masoko na Newala, ambaye tairi lake limeanza kwisha na anajiandaa kwenda dukani. Jambo moja litarudi karibu katika kila jibu, nalo ni kwamba tairi huchaguliwa kwa maandishi ya ubavuni mwake na kwa mzigo linaoubeba kweli, wala si kwa urefu wa kashata zake, yaani meno ya mpira yanayokanyaga ardhi, likiwa bado limening'inia mlangoni mwa duka.

Nitajuaje kwamba tairi langu limefika mwisho?

Tafuta ubavuni herufi TWI au pembetatu ndogo, kisha fuata mstari wake hadi juu, kwenye mifereji iliyo kati ya kashata. Ndani ya mfereji utaona kinundu kidogo cha mpira. Kashata zikishuka hadi kulingana na kinundu hicho, tairi limekwisha hata kama pembeni bado linaonekana zima. Kwa barabara zetu hali hiyo ya pembeni kuwa nzima huku katikati kumeisha ni ya kawaida sana, kwa sababu mtu anayekwenda Mingoyo, Mtama, Ndanda hadi Masasi hupita kilomita nyingi za lami iliyonyooka, na sehemu inayogusa lami muda wote huo ni utepe mwembamba wa katikati. Matokeo yake tairi hupoteza umbo lake la mviringo na kuwa bapa. Dereva huligundua tatizo anapolala kwenye kona: pikipiki hukataa kidogo kuinama, halafu ghafla huinama kupita alivyokusudia, kwa kuwa imevuka ukingo wa ule ubapa.

Mbali na kashata, yapo mambo yanayotosha kuliondoa tairi siku hiyo hiyo, bila kusubiri fedha za mnada ujao wa korosho: uvimbe ubavuni, nyuzi zilizojitokeza, mpasuko unaoonyesha nyuzi ndani yake, au ukingo uliokatika pale unapokaa kwenye rimu. Uvimbe unamaanisha kwamba nyuzi za ndani zimekatika na mpira peke yake ndio unaozuia upepo. Mpira peke yake hauwezi kazi hiyo.

Namba kama 2.75-17 na 100/90-17 zinasema nini?

Namba ya kwanza ni upana na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo 2.75-17 ni tairi lenye upana wa takriban inchi 2.75, linaloingia kwenye rimu ya inchi 17. Katika mtindo mpya upana huandikwa kwa milimita na hufuatwa na asilimia ya kimo: 100/90-17 ni tairi la milimita 100, ambalo kimo cha ubavu wake ni asilimia 90 ya upana huo, kwa rimu ile ile ya inchi 17. Pikipiki nyingi za kazi zinazoonekana vijiweni hutumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, au 2.75-18 mbele na 3.00-18 nyuma. Hata hivyo usimwambie muuzaji jina la pikipiki peke yake, kwa maana aina moja inaweza kutoka kiwandani na vipimo tofauti kwa matoleo tofauti. Soma kibandiko cha kiwanda au kitabu cha mwongozo. Tairi lililopo sasa si ushahidi wa kutosha, kwani huenda mwenye pikipiki aliyekutangulia alikosea.

Kistari kilicho kati ya namba nacho kina maana. Kistari huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa mshazari, zikipishana tabaka kwa tabaka, na ndivyo yalivyo matairi mengi ya pikipiki ndogo. Ikiwa mahali pa kistari pana herufi R, tairi ni radiali, ambalo nyuzi zake huvuka moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Usichanganye aina hizo mbili kwenye pikipiki moja isipokuwa kiwanda chenyewe kimeelekeza hivyo.

Je, naweza kuweka tairi pana kuliko la kiwandani ili pikipiki itulie?

Ninashauri usifanye hivyo. Rimu nyembamba hubana kingo za tairi pana na kulifanya lichongoke katikati, hivyo sehemu inayogusa lami huweza kupungua badala ya kuongezeka. Zaidi ya hapo, tairi pana huweza kusugua cheni, madigadi au mkono unaoshika gurudumu la nyuma, hasa pikipiki inapobonyea kwa mzigo. Kubadilisha kimo cha tairi la nyuma hubadilisha pia nguvu ya kupandia mlima, na kubadilisha la mbele hupotosha usomaji wa spidi katika pikipiki ambazo waya wa spidi unatoka kwenye habu ya mbele.

Herufi na namba kama 41P au 50P zina umuhimu gani kwangu mimi ninayebeba mizigo?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwendeshaji aliulize kabla ya kuuliza bei.

Namba hiyo ni alama ya uzito wa juu ambao tairi limeundwa kuubeba likiwa na upepo wa kutosha. Alama 41 ni kilo 145, alama 50 ni kilo 190, alama 52 ni kilo 200 na alama 57 ni kilo 230. Herufi inayofuata ni ya mwendo: J ni kilomita 100 kwa saa, L ni 120, P ni 150. Pikipiki ya cc 125 haitafika mwendo wa P, kwa hiyo upande huo hauna shida kubwa. Shida iko kwenye namba.

Chukua mfano wa msimu wa korosho. Pikipiki ina kilo 120, na karibu nusu ya uzito huo huangukia gurudumu la nyuma, yaani kilo 60. Dereva ana kilo 70, na tuseme kilo 45 kati ya hizo zinakwenda nyuma. Juu ya keria pamefungwa gunia moja la kilo 80. Hesabu hiyo inatupa kilo 185 kwenye tairi la nyuma peke yake, na kwa kweli ni zaidi, kwa kuwa keria iko nyuma ya ekseli, na mzigo unaokaa nyuma ya ekseli huinua kidogo sehemu ya mbele na kuongeza uzito wa nyuma. Tairi la 50P limefika ukomo wake kwa gunia moja. Anayeongeza la pili, kama tunavyoona kwenye njia za kwenda maghala ya ushirika huko Tandahimba na Nanyamba, analibebesha tairi lile mzigo ambao halikuundiwa, tena juu ya mchanga, tena mchana wa jua kali.

Kinachotokea ndani ya tairi hilo hakionekani kwa nje. Kila gurudumu linapozunguka, sehemu inayogusa ardhi hubonyea na kurudi. Kubonyea huko huzalisha joto, na mzigo ukizidi, tairi hubonyea zaidi na joto hupanda. Joto hilo hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi hadi tabaka zikaanza kuachana. Siku tairi linapopasuka karibu na Nyangao, dereva hulaumu jiwe alilolikanyaga asubuhi ile, ilhali tairi lilikuwa limeanza kufa wiki nyingi kabla.

Kwa hiyo tafuta tairi ambalo namba yake haipungui ile ya kiwandani, na kama unabeba mara kwa mara, chukua kubwa zaidi ndani ya kipimo kile kile iwapo inapatikana. Lakini elewa vizuri: tairi imara haliongezi uwezo wa fremu, spoku, breki wala ekseli. Uzito wa juu uliowekwa na kiwanda cha pikipiki unabaki pale pale.

Na 4PR, 6PR na 8PR?

Hicho ni kipimo cha ugumu wa mwili wa tairi. Zamani kilihesabu tabaka halisi za nyuzi za pamba. Leo ni kiwango cha nguvu tu, kwa sababu tabaka chache za nailoni hufanya kazi ya tabaka nyingi za zamani. Kwa kubeba abiria na mzigo, 6PR nyuma ni chaguo la busara. Tairi la 8PR ni gumu zaidi, nalo likitumiwa na mtu mmoja asiye na mzigo humrusharusha barabarani.

TT na TL ni nini, na je, niachane na tyubu?

TT ni tairi linalohitaji tyubu, na TL ni lile lisilohitaji. Ikiwa rimu yako ina spoku, jibu ni fupi: endelea na tyubu, kwa sababu upepo ungetoka kupitia matundu ya spoku. Tairi la TL linaweza kufungwa kwenye rimu ya spoku likiwekewa tyubu ya kipimo sahihi. Kinyume chake hakifai, yaani tairi la TT lisifungwe bila tyubu hata kama rimu ni ya kipande kimoja, maana ukingo wake na ngozi yake ya ndani havikutengenezwa kuzuia upepo.

Mwenye rimu ya kipande kimoja iliyoandikwa kwamba inakubali tairi lisilo na tyubu ana faida kubwa. Msumari ukiingia kwenye tairi la TL, upepo hutoka polepole na dereva hupata muda wa kusimama. Tyubu ikitobolewa huweza kuisha upepo kwa ghafla, na katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa ghafla hiyo ni hatari halisi. Tundu la katikati ya kashata huzibwa kwa utambi maalumu. Tundu la ubavuni halizibwi, hata fundi pancha akikuhakikishia.

Kashata za aina gani zinafaa barabara za huku?

Inategemea mahali unapolala na mahali unapofanyia kazi. Mwendeshaji anayezunguka mjini Mtwara, Mikindani na kwenda Lindi kwa lami anahitaji tairi la barabarani lenye mifereji ya wastani na mpira mwingi unaogusa ardhi. Kazi ya mifereji hiyo ni kutoa maji nje. Kwenye lami kavu ni mpira wenyewe unaoshika. Ndiyo maana tairi lenye meno makubwa yaliyoachana, linalovutia macho ya wengi, hushika vibaya zaidi kwenye lami yenye maji kuliko tairi la kawaida, huku likiisha haraka na kupiga kelele njia nzima.

Anayepanda Uwanda wa Makonde kila siku, akiacha lami na kuingia njia za vijijini zenye mchanga mzito wakati wa kiangazi na udongo mwekundu unaoteleza wakati wa mvua, ana haki ya kutaka kitu kingine. Kwake ningependekeza tairi la mchanganyiko, lenye kashata za vipande vikubwa vilivyokaribiana, hasa nyuma, na mbele tairi lenye mifereji iliyo wazi zaidi ili usukani usikokotwe na mchanga. Meno makubwa kabisa yaachiwe pikipiki ambazo haziioni lami.

Mvua za mikoa yetu huja kwa msimu mmoja mrefu, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Siku za kwanza ndizo mbaya zaidi, kwa sababu maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyojikusanya juu ya lami kwa miezi mingi. Kwa bahati njema fedha za korosho nazo huanza kuingia karibu na wakati huo. Mwenye tairi lililobakiza kidogo alibadilishe Oktoba au Novemba, asilisubirishe hadi limalizike katikati ya masika.

Tairi jipya linaweza kuwa la zamani?

Linaweza, na mimi mwenyewe lilinipata. Nilinunua tairi la nyuma katika duka ambalo lilikuwa likiyaning'iniza nje, upande wa jua la alasiri, nikalifunga kwa furaha, na baada ya miezi michache ubavu wake ukajaa mipasuko midogo kama tope lililokauka. Niliporudi kusoma tarehe, ambayo nilipaswa kuisoma kabla ya kutoa fedha, nikakuta tairi lilikuwa na umri wa miaka 7.

Tarehe iko ubavuni, mara nyingi mwishoni mwa mfuatano unaoanza na herufi DOT, ndani ya umbo la yai, na ina tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua, joto na hewa ya ozoni huukausha mpira hata kama tairi halijawahi kugusa barabara. Binafsi silinunui tairi lililopita miaka 3 tangu kutengenezwa, na lililopita 5 silikubali hata kwa nusu bei. Omba lile lililohifadhiwa ndani, gizani, mbali na mafuta na betri. Pinda ubavu kwa vidole na uangalie kama mipasuko inajitokeza.

Watu wa kusini tuna historia na zao hili la mpira: mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya mashamba makubwa ya mpira ya Asia, utomvu wa mitoria, mimea ya mwituni inayotoa mpira, ulikusanywa katika nyika za kusini na kusafirishwa kupitia bandari za Kilwa na Lindi. Wakusanyaji wale walijua kwamba mpira mbichi hulainika kwa joto. Wa tairi umechanganywa na salfa na kupikwa ili usifanye hivyo, lakini nao una umri wake.

Tairi la mtumba, au lililochongwa upya kashata, linafaa?

Halifai. Mtumba hauelezi ulibebeshwa nini wala uliendeshwa mara ngapi bila upepo wa kutosha. Kuchonga kashata kwa kisu cha moto ni kubaya zaidi, kwa sababu anayechonga hawezi kuongeza mpira. Anapunguza ule mchache uliobaki juu ya nyuzi. Ninajua kwamba hali ya fedha humsukuma mtu huko, hasa aliyekodishiwa pikipiki na kudaiwa hesabu kila jioni. Kwa mtu huyo ushauri wangu ni kumweleza mwenye pikipiki mapema kwamba tairi ni gharama ya chombo kama yalivyo mafuta ya injini, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba.

Ni lazima kubadilisha yote mawili kwa pamoja?

Si lazima. La nyuma huisha mapema kwa sababu ndilo linalosukuma na kubeba. Usichukue tairi la nyuma lililochakaa ukalihamishia mbele, kwani breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi na inategemea tairi zima.

Tyubu ya zamani naweza kuitumia tena?

Nunua mpya. Tyubu hutanuka kadiri siku zinavyopita, na ikirudishwa ndani ya tairi jipya hujikunja, halafu mkunjo ule husuguana hadi kutoboka. Hakikisha namba ya tyubu inalingana na ya tairi, na kwamba ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku ni mzima. Walio karibu na bahari, kuanzia Msimbati hadi Kilwa, wakague pia kutu ndani ya rimu, kwa kuwa chembe za kutu hukata tyubu kama kisu.

Fundi anapofunga tairi, niangalie nini?

Simama karibu naye. Mshale ulio ubavuni uelekee upande gurudumu linakozungukia pikipiki ikienda mbele. Ukiona nukta ya rangi ubavuni, mara nyingi huonyesha upande mwepesi wa tairi na huwekwa karibu na valvu. Kingo zipakwe maji ya sabuni, kamwe si grisi wala dizeli. Valvu isimame wima. Ikilala, tyubu imevutwa na itakatika shingoni. Karibu na ukingo wa rimu pana mstari mwembamba unaozunguka tairi zima, na umbali wake kutoka kwenye rimu unapaswa kuwa sawa kila mahali. Kwa gurudumu la nyuma, alama za kurekebishia cheni zilingane kushoto na kulia, cheni iwe na mlegezo ulioandikwa kwenye kitabu, na nati ya ekseli ikazwe kikamilifu kabla hujaondoka.

Niweke upepo kiasi gani?

Fuata kibandiko cha pikipiki yako. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu ni karibu psi 25 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) mbele, na nyuma karibu psi 28 ukiwa peke yako, ukipanda hadi 32 au zaidi ukiwa na abiria. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni ukomo wa tairi. Usiichukue kuwa kipimo cha kila siku. Pima asubuhi kabla ya safari, kwa sababu tairi lililopata joto husoma juu na kukudanganya kwamba upepo unatosha. Kubonyeza kwa kidole au kupiga teke hakupimi chochote: geji ndogo ya mfukoni hugharimu kidogo sana ukilinganisha na tairi unalolilinda. Anayepunguza upepo ili apite mchanga wa Kitangari aurudishe mara tu anapokanyaga lami.

Kwa nini tairi jipya linateleza?

Uso wake bado ni laini na unang'aa, na huenda una mabaki ya vitu vinavyotumika kulitoa kwenye kalibu kiwandani. Endesha taratibu kwa kilomita 150 za mwanzo, ukiongeza kulala kwenye kona kidogo kidogo ili pembeni nako kukwaruzike, na uepuke breki za ghafla. Usilifute kwa petroli. Baada ya siku ya kwanza pima upepo tena, kaza spoku zilizolegea, na uangalie kama cheni bado iko katika mstari wake.